Malkia Aliyepasuka Kiunoni

Watu wa Bariadi waliomjua Jilala Maduhu kabla ya kanda ya video ya Malkia wanasema alikuwa manju, kiongozi wa ngoma, wa kawaida tu. Sauti alikuwa nayo, ndiyo, na maneno ya kuwachokoza wapinzani hayakumwishia, lakini kwenye mashindano ya ngoma baada ya mavuno watu walimsikiliza kidogo, kisha wakahamia upande wa pili kwa Ndaki, mpinzani wake. Na kwa Wasukuma ngoma mbili huchezwa kwa wakati mmoja, kundi la Wagalu huku na la Wagika kule, na mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi jua linapozama. Hakuna jaji wa kuhongwa. Miguu ya watazamaji ndiyo inayohukumu, na Jilala, manju wa Wagalu, alizoea kuiona ikimpa kisogo.

Mambo yaligeuka biashara ya pamba ilipofunguliwa. Zamani mkulima alisubiri ushirika umlipe siku utakapojisikia. Sasa wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wakalipa papo hapo, na watu wakarudi nyumbani na hela wasijue wazifanyie nini. Wengine waliongeza ng'ombe, wengine waliongeza wake. Jilala alikwenda Mwanza akarudi na televisheni, deki ya video na jenereta lenye kikohozi, akajenga banda la mabati karibu na soko, akaziba madirisha kwa magunia ya pamba, akawa mwonyesha picha.

Mkewe, Eufrasia, hakupinga. Yeye alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na alikubali kuolewa na manju kwa sharti moja tu: ngoma sawa, dawa ya ngoma hapana. Maana manju wengi, hata wale wanaopiga ishara ya msalaba kabla ya kula, hawaingii uwanjani bila dawa ya kuvuta watu. Na dawa kali, wanasema, haifanyi kazi bure. Ipo siku itadai mtu.

Kanda za video zilitoka Mwanza, na huko zilitoka Dar es Salaam, na kabla ya Dar sijui zilitoka wapi. Kila zilikopita zilirekodiwa upya, nakala juu ya nakala, na kila nakala ilifanana na mama yake kidogo tu. Kati ya hizo ilikuwepo picha moja ya Kihindi, ya zamani sana. Jina lake hakuna aliyelijua kwa kuwa mwanzo wake ulikuwa umefutwa na mechi ya mpira. Watu waliiita picha ya Malkia, basi.

Katikati ya picha ile Malkia alitokea mbele ya wakubwa wa jumba akacheza. Uso wake ulikuwa wa bluu, bluu ile ya kufulia mashuka. Vitu vyeupe vilimdondokea mwili mzima bila kukoma, na watazamaji walielewana kwamba ni tuzo, kwamba huko kwao mchezaji hodari hurushiwa kitu kama pamba. Kisha ngoma zilipopanda, Malkia alitetemeka, shingo ikavutika upande mmoja ikawa ndefu kuliko shingo za watu, mstari mweupe ukampita kiunoni, na hapo banda zima lilisimama: nusu ya juu ya Malkia ilikwenda kushoto, nusu ya chini ikaenda kulia! Akakaa hivyo, amepasuka, anatetemeka, halafu pap, akarudi kuwa mtu mmoja.

Jilala alipoiona mara ya kwanza machozi yalimtoka, na hakuona haya kusema. Msimcheke. Hakuwa mjinga, na alijua picha ni maigizo. Lakini alikuwa mchezaji, na mchezaji akiona mwili umefanya jambo hajiulizi kama linawezekana. Anajiuliza linaanzia wapi, kwenye nyonga au kwenye goti.

Alijifungia nyuma ya zizi la ng'ombe msimu mzima wa mvua. Alianguka, aliteguka, alipaka mafuta ya moto, akarudi tena. Na aliuweza mchezo ule. Yaani kweli kabisa, alijifunza kurusha kifua huku na nyonga kule, akaganda hapo kwa mtetemo, kisha akajikusanya ghafla kiasi kwamba mtu aliyetazama alijishika kiuno chake mwenyewe. Aliuita mpasuko. Akawafundisha vijana wake, na wote walishindwa isipokuwa Masele, mtoto wa mjane mmoja aitwaye Ng'washi. Masele aliupasua mpasuko vizuri kumshinda mwalimu wake, na Jilala alimpenda kwa hilo kama anavyopendwa mtoto wa kuzaa.

Msimu uliofuata Wagalu waliingia uwanjani nyuso zimepakwa bluu ya kufulia. Wasichana wawili walisimama pembeni na vikapu wakawarushia wachezaji pamba iliyotolewa mbegu, na chini ya pamba ile Jilala na Masele wakapasuka. Siku hiyo upande wa Ndaki walibaki mbuzi na mzee mmoja aliyekuwa amelala. Sifa zikatembea kutoka Bariadi hadi Maswa, zikafika Mwanhuzi, na watu walisafiri kwa malori kuja kuona.

Na maneno yakaanza, kwani yangekosaje? Jilala ana dawa. Jilala amekwenda mbali kuichukua. Yeye alicheka tu. "Dawa yangu iko bandani," alisema. "Njooni muione kwa macho yenu." Wakaja, wakamwona Malkia anapasuka, wakakubali. Hata katekista alikuja, akatazama mpaka mwisho, akasema haoni dhambi. Eufrasia akatembea kichwa juu. Kanda ile ikawa shahidi wa Jilala mbele za watu na mbele ya mkewe.

Kisha Masele akavunjika. Ilikuwa kwenye mashindano ya Lagangabilili, mchana kweupe, watu wamejaa. Kijana alirusha nyonga, akaganda, na aliporudi hakurudi mzima. Mlio wake ulisikika juu ya ngoma. Walimpeleka hospitali Mwanza, na alirejea na fimbo ambayo hakuiacha tena. Hakuchunga tena, hakulima, hakuoa.

Safari hii maneno hayakuwa ya utani. Dawa imedai mtu wake, walisema. Jilala alipakia televisheni, deki na jenereta kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akaenda hadi kwa Ng'washi, akafunga mitambo uani pake na kumwonyesha kanda.

"Mayu," alimwambia kwa heshima, kama mtu anavyomwita mama yake, "mtoto wetu hakuliwa na dawa. Alikuwa anafanya kitu kikubwa. Huyu unayemwona ni malkia, amefundishwa tangu utotoni. Masele alimfikia."

Ng'washi alitazama muda mrefu. Mwishowe aliitikia kwa kichwa taratibu akasema amekubali. Tangu siku hiyo, kila aliyemwonea huruma kisimani alimjibu kwamba mwanawe alivunjika akishindana na malkia. Alisema hivyo kwa fahari, na fahari ile ilimsaidia kubeba mengine.

Miaka ikaenda. Zikaja sahani za CD, vijana wakafungua mabanda mapya, kanda zikabaki kwenye makasha zinaliwa na joto la mabati. Jilala alifuata wakati, akanunua mashine ya sahani, deki akaiweka rafu ya chini. Binti yake Joyness alikuwa amepata kazi Dar es Salaam, na mwaka mmoja, kabla tu ya mashindano, alikuja likizo na zawadi aliyoibeba kifuani njia nzima. Aliikuta kwenye duka la picha za kigeni: sahani halisi ya picha ya Malkia, yenye jina lake na mwanzo wake, imesafishwa upya na wenye picha wenyewe.

"Baba, utamwona Malkia kama hujawahi kumwona," alisema.

Jilala alifurahi kupita kiasi. Akatangaza kwamba Jumapili baada ya misa ni bure kwa wote. Ng'washi na Masele aliwawekea benchi la mbele. Katekista akaja, wazee wa Wagalu wakaja, na hata Ndaki alialikwa, akaja na Wagika wake kadhaa, akakaa karibu na mlango kama mtu anayejiandaa kuondoka. Eufrasia alipika wali wa kutosha kijiji. Nje jua lilikuwa kali, ndani magunia yalileta giza, na Joyness akaweka sahani.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Majani yalikuwa ya kijani! Ukutani kulikuwa na maua! Watu waliona vitu vidogo wakavipigia kelele, pete kidoleni, nzi kwenye tunda. Hata picha yenyewe ilikuwa pana zaidi. Pembeni mwa jumba walikuwepo wapiga ngoma wanne ambao hakuna mtu Bariadi aliyewahi kuwaona, na miaka yote walikuwa wanapiga.

Akatoka Malkia. Alikuwa maji ya kunde. Banda likacheka kidogo, kicheko cha mshangao, kwani pale walikuwepo watu waliowapaka watoto wao bluu. Wala hakuna kilichomdondokea. Si pamba, si chochote. Hewa ilikuwa safi kabisa.

"Subirini," Jilala alisema, akasimama, mkono juu. "Subirini ngoma zipande."

Ngoma zikapanda. Watu wote wakanyanyuka kwa mazoea. Jilala akashusha mkono: "Sasa!"

Malkia aligeuza kiganja cha mkono. Akainua macho. Akashusha macho. Akazunguka mara moja, polepole, akaketi.

Hakuna aliyekaa. Jilala aliona mkono wake bado umenyooka kuelekea kioo, akaurudisha kwa aibu.

"Rudisha," alisema. Joyness akarudisha. Malkia akageuza kiganja, akaketi. "Rudisha tena." Akaketi tena, kwa upole uleule, kama mtu asiyejua kabisa amewafanyia watu nini.

Ng'washi ndiye aliyetangulia kusema. Hakugeuka. "Jilala," aliuliza, "mpasuko uko wapi?"

Jilala alikisogelea kioo. Mpasuko uko wapi? Aliuona kwa macho haya, mara zisizohesabika. Au hakuuona? Wazo likampita, baya kuliko yote aliyowahi kuwaza: huenda kweli alikuwa mtu wa dawa na hakujijua.

"Tulionyeshwa kitu ambacho hakipo," mzee mmoja alisema nyuma.

"Tulipakwa macho," akaitikia mwingine.

Hapo banda lilipasuka kwa maneno. Ilikuwa wazi sasa. Hakuwa na dawa ya kuvuta watu tu. Alikuwa na dawa ya macho, ya kumfanya mtu aone malkia wa bluu ambaye hakuzaliwa. Ndiyo maana aliwaita kila mara waje waone. Aliwapaka wote! Katekista alichukua kofia yake gotini akaivaa, akaivua tena, hajui akae au aondoke.

"Si hivyo!" Joyness alipaza sauti. "Kanda ilikuwa mbovu, wazee wangu. Vile vyeupe vilikuwa chenga tu. Kanda ikichoka picha inakatika, rangi inaharibika. Ni ubovu."

"Ubovu unaweza kucheza ngoma?" mzee alimuuliza. "Tena kwa mapigo?"

"Basi tuitazame ileile ya zamani. Mama, iko wapi?"

Eufrasia alisimama na sahani ya wali mkononi. Sauti yake ilitoka ndogo. "Iko kwenye mpunga. Ilikatika, nikautoa utepe wake nikaufunga kwenye vijiti. Kwa ajili ya kuwafukuza kwelea."

Ilikuwa kweli. Shambani upepo ukipiga utepe wa kanda hulia, na ndege hukimbia, na nusu ya Bariadi hufanya hivyo. Lakini siku ile jibu hilo lilisikika vibaya mno. Shahidi ameuawa, na aliyemuua ni mke wa mshitakiwa. Vijana wachache walikwenda kusimama mlangoni. Kila mtu mle ndani alijua mambo ya namna hii huwa yanaishaje katika nchi hii, na wala hayaishii kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Baba Joyness," Eufrasia alimgeukia mumewe. Macho yalikuwa yamemtoka. "Niambie mimi. Mimi tu."

Na Jilala, aliyekuwa na maneno ya kuwatukana Wagika kuanzia asubuhi hadi jioni, alikosa neno moja la kumpa mkewe.

Ndipo Ndaki alipokohoa. Alisimama pale karibu na mlango, akatazama chini, akaifuta suruali yake vumbi ambalo halikuwepo.

"Ninayo mimi hiyo kanda," alisema.

Watu wakageuka.

"Nilimtuma mtu akaikodi, akasema ni ya sherehe. Nikaenda kuirekodi Maswa. Ninayo nyumbani." Aliwakwepa Wagika wenzake kwa macho. "Nimejaribu huo mpasuko chumbani kwangu miaka yote hii, na mke wangu ni shahidi kwamba nimevunja kitanda. Ungekuwa wa dawa ningekuwa wa kwanza kusema, ningefurahi. Sikuuweza tu."

Wagika wenzake walimtazama kama wamemfumania. Manju wao, kuiba kwa Wagalu! Lakini hakungoja wamalize kushangaa. Alitoka mwenyewe, wale vijana wakampisha, na kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya soko hakukawia kurudi, kanda imefungwa kwenye kitenge.

Jilala aliitoa deki rafuni, akaifuta kichwa kwa spiriti, akaiunga. Nakala ya Ndaki ilikuwa mbovu kuliko ile ya kwanza. Chenga zilijaa kioo kizima. Kisha kati ya chenga ukatoka uso wa bluu, pamba ikaanza kudondoka, ngoma zikapanda kwa sauti ya mtu aliye ndani ya pipa, shingo ikavutika, na Malkia akapasuka kiunoni.

"Huyo!" banda zima lilipiga kelele. "Huyo hapo!"

Joyness hakushangilia. Alipiga magoti mbele ya deki, akasimamisha picha Malkia akiwa amepasuka, akashika kitufe kidogo pembeni akakizungusha kwa kidole. Ule mstari mweupe ukapanda. Malkia akapasuka kifuani. Akazungusha tena, akapasuka shingoni, kichwa peke yake kikaenda kushoto. Akazungusha kurudi, mstari ukashuka mpaka magotini. Alimpasua Malkia popote alipotaka, kwa kidole kimoja.

"Mwanangu, acha," Jilala alisema. "Inatosha."

Halafu mtu mmoja akacheka, na kicheko kikashika banda lote, cha ahueni, cha watu waliokuwa karibu kufanya jambo baya wakaokolewa. Walicheka bluu yao, wakacheka vikapu vya pamba, wakamcheka Ndaki na kitanda chake. Ndaki mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta. Vijana wa mlangoni walirudi kuketi na kuulizia wali. Eufrasia alikaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika, na Jilala alipomwinamia alimshika mkono akaubana kwa nguvu. Jilala alikuwa msafi. Hakukuwa na dawa yoyote, hapakuwahi kuwa na dawa, na kijiji kizima kilikuwa kimeona.

Alipoinua kichwa alimwona Ng'washi. Hakuwa amecheka. Alikuwa bado anatazama kioo, ambako Malkia alibaki amekatika magotini, na Masele kando yake alikuwa anatazama hapohapo, fimbo katikati ya miguu.

"Kwa hiyo ni uchafu," Ng'washi alisema. Kicheko kikapungua, kikaisha. "Mwanangu alivunjika nyonga akiiga uchafu wa mashine."

"Mayu..." Jilala alianza.

"Ulikuja kwangu na mkokoteni. Ulisema alimfikia malkia. Nami nimewaambia watu hivyo."

"Hata mimi sikujua, mayu. Naapa sikujua."

"Najua hukujua. Nimeona." Alisimama, akamwinamia mwanawe amsaidie, lakini Masele alikataa mkono, akajiinua mwenyewe kwa fimbo. Watu waliwafungulia njia. Hakuna aliyewatazama usoni, hata katekista. Masele alitoka kwanza, na mwanga mkali wa nje ukaingia ndani ukamfuta Malkia kwenye kioo.

Mamaye aligeuka kizingitini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo Jilala aliloshindwa kulivumilia.

"Nyinyi mnafurahi kwamba haikuwa dawa," alisema. "Dawa ina mtu wake, na ina sababu yake. Ningejua nimchukie nani. Heri ingekuwa dawa, Jilala."